Msusi wa Berea na Jumamosi Zake za Italia

Msinitafutie jina lake. Analo, tena zaidi ya moja, na yote aliyaweka kando siku nyingi kabla sijamjua. Sisi wateja wake tulimwita Mama Msusi, basi. Yeye naye alituita kwa tulikotoka: mimi nilikuwa Tanzania, dada mmoja wa Mombasa alikuwa Kenya, na Wakongomani wenzake, kwa kuwa walikuwa wengi, aliwaita kwa mitaa ya miji yao ili wajue kwamba anawajua mpaka mlangoni. Ukimuuliza yeye kazaliwa wapi na kwa nani, anakuinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua, na hapo hata ungetaka kuuliza la pili sauti haitoki.

Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha flati yake, ghorofa ya pili, Berea, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla mimi sijafika Durban mwaka 2008. Nilikuwa mwanafunzi wa usanifu wa majengo, mtoto wa Tanga, nimefika na kichwa kilichosukwa na mama yangu mzazi, na baada ya wiki sita kichwa kile kilikuwa aibu ya taifa. Mwanafunzi mwenzangu akanielekeza: panda kilima, vuka robot ya pili, yaani taa za barabarani, kisha sikiliza mtu anayegombana kwa Kifaransa. Nikasikiliza, nikafika. Nikampa shikamoo yangu ya Tanga, akaipokea kwa "merci".

"Nani alikusuka?" akauliza.

"Mama yangu."

"Iko hai?"

"Yuko hai."

"Mwambie namsalimia sana. Na asirudie tena."

Ukutani, juu ya kioo, palikuwa na fremu ya plastiki yenye rangi ya dhahabu, na ndani yake karatasi ya Kitaliano yenye muhuri wa bluu. Wateja wote tuliijua: diploma ya Italia. Wanawake wa viwanda vya Jacobs na wale wa maduka ya Pinetown walibadilisha taxi mbili kuja kusukwa na mtu mwenye diploma ya Italia. Yeye mwenyewe, kusema haki, hakuwahi kutamka neno diploma. Alikuwa akiifuta vumbi tu, polepole, wakati mteja mpya anaitazama. Mwaka wangu wa tatu, Kitaliano alichokuwa akinifundisha kikiwa kimeanza kusimama, nilipanda kwenye stuli na kamusi mkononi nikaisoma. Ilikuwa faini ya treni. Abiria alikamatwa kati ya Pisa na Lucca bila tiketi.

"Mama," nikasema, "hii ni faini."

"Iko na muhuri, ama haina?"

"Inao."

"Ni ya Italia, ama ya Pinetown?"

"Ya Italia."

"Voilà. Shuka kwa stuli, utavunjika mguu."

Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia. Mkatoliki wa rozari tatu kwa siku, na hapo hapo muongo wa daraja la juu, tena mwenye chuki kubwa na uongo wa watu wengine. Uongo wake aliuita kupanga maneno. Wa kwako aliuita dhambi, na kuutoa alikuwa na mbinu ambayo sijaiona kwa mwingine.

Mbinu yenyewe ilikuwa nusu kichwa. Msusi hakumalizia kichwa cha mtu anayemficha jambo. Akishasikia sauti yako inapinda kona, anafika katikati ya utosi, anaweka kitana chini, anakwenda kuchemsha chai. Upande wa kulia umesukwa ukasukika, wa kushoto umetimka wote. Sasa utaondokaje? Nimemwona kwa macho yangu mama mzima, mzee wa kanisa, akikiri kwamba ni yeye aliyeanzisha yale maneno kuhusu mke wa mchungaji, kwa sababu harusi ilikuwa saa nane na saa ilikwisha kuwa saa sita na nusu. Nimemwona Kenya akitaja mwenyewe, bila kuulizwa mara ya pili, aliyekula nyama ya sherehe ya ubatizo kabla ya padri kufika. Msusi alisikiliza, akarudisha kikombe mezani, akaokota kitana. Hakumrudia mtu kwa maneno aliyoyasikia pale, na hakuyatoa nje. Alitaka kujua tu. "Mungu anaona," alisema, "lakini hasemi-semaka. Ju ya ile mi nauliza mwenyewe."

Kwangu mimi mbinu ile ilikwama mwanzoni, maana mimi navaa ushungi. Siku ya kwanza aliponiachia nusu kichwa, kisa anataka kujua kama kaka mmoja wa uhandisi ananifundisha hesabu au ananifundisha mambo mengine, nilijifunga ushungi wangu vizuri, nikaaga kwa adabu zote za kwetu, nikaenda zangu darasani. Alibaki kasimama na birika mkononi. Nilikaa siku nne vile, najikuna upande mmoja, mpaka nikasalimu amri mwenyewe. Tangu hapo, kila nikiingia, kitu cha kwanza anapokea ushungi wangu, anaukunja kwa heshima kubwa, anaufungia kwenye droo, na ufunguo anautia kifuani. Kisha ndipo ananiuliza habari za masomo.

Italia alikuwako, hilo msiwe na wasiwasi nalo, mimi leo ni shahidi. Watawa wa kwao Bukavu walimpeleka akiwa msichana aliyeanza safari ya utawa, akasomee uuguzi Siena, akae kwenye nyumba moja ya masista huko juu karibu na ukuta wa mji. Jumatatu mpaka Ijumaa ni darasa. Jumapili ni misa, na misa nyingine, na masifu. Jumamosi kila mwanafunzi hubaki chumbani kwake kutwa nzima, kimya, kwa tafakari, na chakula huachiwa mlangoni. Watu wengine wangeiona siku hiyo kama kifungo. Msusi aliona kwamba kuna siku moja katika wiki ambayo hakuna anayetazamia kumwona.

Alfajiri ya Jumamosi anashuka jikoni, viatu mkononi. Mlango wa jikoni unaotokea bustanini haujatiwa komeo. Juu ya meza kuna mkate na jibini, vimefungwa kwenye karatasi. Siku nyingine zote mlango ule hufungwa komeo mbili na meza huwa tupu. Jumamosi tu ndiyo huwa hivyo. Mwenye jiko alikuwa Sista Mpishi, Mtaliano mnene wa mikono mikubwa, mtu asiyesema sana. Hawakuwahi kuongea habari hiyo, hata kwa kukonyezana. Msusi alielewa, akashukuru kimoyomoyo, akachukua mkate wake, akatoka. Jioni kabla ya kengele amerudi, amepiga magoti na wenzake, na vumbi la mji mwingine limo kwenye soksi.

Kwa Jumamosi hizo aliiona Pisa, akaiona Lucca, Arezzo, Assisi, Firenze mara tatu, na mara moja Roma yenyewe, aliporudi amechelewa akasingizia tumbo. Kila mji aliukumbuka kwa nywele, namaanisha nywele za masanamu. "Firenze," aliniambia huku akinivuta kisogo, "wale wanaume wa mawe hawana nguo, sawa, hiyo ni maneno yao. Wewe angalia nywele. Ule fundi aliheshimu nywele." Kuhusu Assisi alisema ni Berea yenye watakatifu. Pisa hakuipenda, kwa sababu watu walioshindwa kunyosha mnara wasingeweza kunyosha hata msuko. Kwa mteja mmoja alisimulia kwamba mnara ule aliupanda pekupeku kama toba, na kwa mwingine kwamba alikataa katakata kuukanyaga. Nilipomkumbusha akasema alikwenda mara mbili.

Jumamosi ya mwisho alijaribu Venezia. Venezia ni mbali, jamani, hata kwenye ramani mtu unaona. Akapotelea kwenye vichochoro, treni ya kurudi ikamwacha, na kulipokucha akaona aibu ya kurudi ni kubwa kuliko hofu ya kutorudi. Hakurudi. Kutoka hapo mpaka Durban kuna nchi na miaka ambayo hakunisimulia, nami sitaijaza kwa kubuni.

Utawa haukumsumbua. Alisema ulimtoka kama kiatu ambacho si saizi yake. Kilichomkaa kooni ni Sista Mpishi. Walipogundua mwanafunzi hayupo na mlango wa jikoni uko wazi, watamuuliza nani kama si mwenye jiko? Msusi alikuwa na hakika kwamba mama yule aliadhibiwa, akaondolewa jikoni, akapelekwa mlimani kuosha vyungu vya wagonjwa mpaka uzee wake. "Mama wa watu ananifungulia mlango miezi nane," alisema, "mi namlipa na problème." Kila asubuhi, kabla hajagusa kichwa cha kwanza, aliwasha mshumaa mdogo kando ya kopo la mafuta ya nywele, akamwombea Sista Mpishi msamaha na afya. Hapo hukutakiwa kucheka. Mtu aliyecheka mara moja alisukwa kwa kukazwa mpaka macho yakapanda.

Mwaka 2011 nilipata nafasi ya kusoma muhula mmoja Firenze. Saluni nzima ilipiga vigelegele isipokuwa yeye. Alichukua ushungi wangu, akaufungia, akanisuka mpaka katikati, akaweka kitana chini. Chai hakuchemsha.

"Utaenda Siena."

"Nitaenda, Mama."

"Utamtafuta. Kama wamemtuma mbali, utauliza wapi."

"Nikimpata nimwambie nini?"

Alijifuta mikono kwenye aproni, mbele, nyuma, mbele tena. Karatasi zake za ukimbizi hazikumruhusu kwenda popote, hilo tulilijua wote wawili. "Umuulize kama amenisamehe," akasema. "Hivyo tu. Akisema ndiyo, niletee. Akisema hapana, niletee hapana yake vile iko. Usiitie sukari." Nikaapa. Akaokota kitana.

Basi nikafika Firenze na Kitaliano cha saluni, maana ndicho alichonifundisha: kuhesabu misuko, viungo vya mwili kuanzia shingo kwenda juu, na sala. Muuza matunda aliponitilia machungwa mabovu nilimwambia kwa sauti ya mamlaka, "Abbassa la testa," yaani inamisha kichwa. Akainamisha. Kisha akanibadilishia machungwa, sijui kwa nini. Wiki ya kwanza mwalimu alitupanga mbele ya sanamu la marumaru, kila mtu aseme anachokiona. Wenzangu wakasema uwiano, wakasema mwanga. Ikafika zamu yangu nikasema nywele za kisogoni zimechongwa vizuri kuliko za mbele, kwa hiyo fundi alianzia nyuma mikono ikiwa bado mipya. Mwalimu akazunguka sanamu kwenda kuangalia. Alikaa huko nyuma muda mrefu, na tangu siku ile alinisalimia kwa jina. Sikumwambia nimesomea wapi.

Pisa nilikwenda, nikapanda mnara nikiwa na viatu. Assisi nilikwenda, na kweli ni Berea, ila hakuna anayeuza muda wa maongezi. Venezia nilipotea kutwa, kila daraja linanirudisha kwenye daraja lile lile, na hapo nikaacha kumlaumu mtu aliyekosa treni. Siena niliiweka mwisho. Naogopa kusema kwamba niliichelewesha makusudi, lakini niliichelewesha.

Kituo cha treni cha Siena kiko bondeni na mji uko juu, hivyo nikapanda basi. Sasa, mtu aliyekaa Durban miaka mitatu ana ugonjwa mmoja. Akishaketi kwenye gari, nauli anamkabidhi aliye mbele yake aipitishe mpaka kwa dereva. Ndivyo taxi zetu, hizo daladala za Durban, zinavyokwenda: fedha inapita bega kwa bega, chenji inarudi bega kwa bega, na haipotei hata senti. Firenze nilikuwa natembea kwa miguu tu, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa umelala. Mbele yangu aliketi bibi mmoja wa Kitaliano, koti la kijivu, kapu la mboga magotini. Nikamgusa bega, nikampa sarafu ya euro mbili.

Bibi akaitazama sarafu. Akanitazama mimi, gauni refu, ushungi mweupe. Akaibusu ile sarafu, akaitia kwenye pochi, akanishika shavu akanishukuru kama mara nne.

Mimi nikakaa nangoja chenji.

Kituo cha tatu akapanda mkaguzi. Tiketi? Nikamwonyesha bibi: nimempa huyu. Basi zima likageuka. Bibi akawa mwekundu mpaka kwenye masikio, akaanza kueleza kwa sauti, nami nikaelewa nusu, na nusu hiyo ilitosha: alidhani mimi ni sista kutoka Afrika, na ile ni sarafu ya baraka. Mkaguzi akatoa kitabu chake cha faini. Nikajisemea, haya, na mimi narudi Durban na diploma. Lakini bibi yule alisimama, kapu likamwagika, akamfokea mkaguzi kwamba hana mama na hana dini, na abiria wawili wakamsaidia kufoka. Mkaguzi akashuka kituo kilichofuata bila kuandika kitu.

"Sista anakwenda wapi?" bibi akaniuliza huku tunaokota karoti.

Nilitaka kumwambia ukweli, kwamba mimi ni Mwislamu wa Tanga na natafuta nyumba ya masista kwa niaba ya msusi. Nikaona maneno ni mengi kuliko Kitaliano changu. Nikataja ile nyumba tu. Akapiga makofi. Aliijua, alikuwa akiwapelekea mboga. Akanishika mkono kama mtoto, tukapanda vichochoro vya mawe, tukapita bustani, tukaingia kwa mlango wa jikoni. Ule ule.

Sista Mpishi alikuwa ndani. Alikuwa amekwisha kuvuka themanini, ameketi kando ya jiko anamenya maharage mabichi kwenye bakuli. Nikamuuliza kwanza alirudishwa lini kutoka mlimani. Mlima gani? Tangu aingie jiko lile, alisema, hajalala nje yake ila mara moja alipokwenda kung'olewa jino. Moyo wangu ukafurahi, nikasema hili Mama Msusi atalipenda. Nikaanza kumsimulia polepole, na bibi wa mboga akirudia kila neno langu kwa sauti ya juu kwa sababu Sista hasikii vizuri. Msichana kutoka Kongo. Mwanafunzi. Aliyeondoka Jumamosi moja.

Akafikiri. Akamenya ganda moja, akamenya la pili. "Walikuja wengi," akasema. "Wote walikuwa wasichana wazuri. Wengine waliondoka. Watu huondoka."

"Ulikuwa ukimwachia mlango wazi. Jumamosi."

"Ah, mlango!" Uso ukamchangamka. "Paka."

Ijumaa, akanieleza, nyumba ilikula samaki. Paka alikula vichwa vya samaki, akipata nguvu anakesha nje usiku kucha, na alfajiri ya Jumamosi anataka kuingia. Asipofunguliwa analia mpaka anaamsha masista. Basi akawa haweki komeo. Jina la paka akanitajia, na rangi yake, na sikio lililokuwa limechanika.

"Na mkate juu ya meza?"

Mkate ulikuwa wa mtunza bustani, aliyekuja Jumamosi. Na hapo Sista Mpishi akaanza kucheka, maana alikumbuka kwamba mzee yule alikuwa na kichaa: kila wiki analalamika hakuwekewa mkate, na yeye kila wiki anamwambia, babu, umekula umesahau. Wakacheka wote wawili, yeye na bibi wa mboga, mpaka wakafuta machozi. Mimi sikucheka. Nilimkasirikia, kusema kweli. Nilimwona mama mwingine, kwenye ghorofa ya pili, anawasha kiberiti.

Nikauliza swali nililotumwa. "Sista, umemsamehe?"

Akaniangalia kwa huruma kubwa, kwa kuwa aliona nimetoka mbali. "Nani?" akasema.

Nikarudi Durban mwanzoni mwa 2012. Msusi alikuwa amewaambia wateja wote wasije siku ile. Alipokea ushungi, akaukunja, akaufungia. Alinisuka mpaka katikati ya utosi. Akaweka kitana chini.

"Eeh," akasema. "Nipe."

Nilikuwa nimejiandaa. Kwenye ndege nilipanga maneno yote, pamoja na paka. Kama ingekuwa hapana, ningeileta vile ilivyo, bila sukari, kama nilivyoapa. Kama ingekuwa ndiyo, ningeileta mbio. Lakini "nani"? Mwanamke ameweka jina la mtu kinywani kila asubuhi ya maisha yake, nami nimwambie nini, kwamba huko ng'ambo hata kivuli chake hakipo?

"Amekukasirikia," nikasema.

"Bado?"

"Bado. Hakuhamishwa, yuko jikoni kwake, mzima. Lakini hasira anazo. Anasema hakusamehi mpaka mwonane uso kwa uso."

Akakaa kwenye benchi ya wateja, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Nikadhani nimemuua. Kisha akapiga makofi, akapiga tena, akasimama, akaanza kuzunguka chumba. "Ule mama! Nilijua! Iko na kichwa nguvu! Miaka yote hii!" Alikuwa na furaha kama mtu aliyeposwa. Alimalizia kichwa changu huku anaimba wimbo wa kanisa, na ulikuwa msuko mzuri kuliko wote nilioupata maishani. Sikuweza kuutazama kwenye kioo. Wengine wote aliwatoa ukweli kwa nusu kichwa. Mimi alinitoa uongo, na akauamini, kwa sababu hakuna aliyewahi kudanganya kwenye kiti kile.

Basi ukawa ndio mwanzo wa mateso yangu. Mteja mpya akiingia, Msusi anafuta vumbi kwenye faini ya treni na kusema, "Iko mtu Italia ananikasirikia mpaka leo." Alisema kwa majivuno, kama wengine wanavyosema wana mtoto daktari. Na mimi nikawa shahidi wa kuitwa. Tanzania, waambie alisimama ama alikaa? Alisimama, Mama. Alipiga meza? Akapiga. Mwaka 2013 Sista Mpishi alikuwa amevunja sahani moja. Mwaka uliofuata zikawa mbili, na bakuli. Kila nikiongeza sahani Msusi alitikisa kichwa kwa mapenzi, na mshumaa ukawaka kama kawaida. Nilijaribu mara kadhaa kusema kweli, Mungu ni shahidi wangu, lakini kila mara palikuwa na mteja, au nilijiambia palikuwa na mteja.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa 2015. Nilikuwa nimemaliza masomo, nimefanya kazi kidogo kwenye ofisi ya michoro Pinetown, na sasa narudi nyumbani Tanga. Nilipanda ngazi kumuaga, na zawadi ya khanga mkononi. Nikamkuta amevaa gauni la Jumapili, siku ya Jumanne. Mkononi ana simu na kipande cha karatasi.

"Umekuja vizuri," akasema. "Dada wa duka la simu hapo chini amenitafutia kwa intaneti. Namba ya masista. Leo naongea na yeye. Kama siwezi kwenda mbele ya uso wake, anikasirikie kwa sikio."

Eish. "Mama, saa hizi watakuwa kwenye sala."

"Saa hizi wanamenya-menyaka viazi. Nilikaa kule, mi najua."

"Mama, huyu ni mzee sana, labda tusimshtue..."

Alikuwa amekwisha kupiga. Akasimama wima, akajinyosha gauni. Akaongea na sista mmoja, akangoja. Akaongea na mwingine, akangoja zaidi, na wakati anangoja alinishika mkono akaubana kwa furaha. Kisha akaachia mkono wangu, na nikamsikia akijitaja kwa lile jina la utawani, ambalo miaka saba yote sikuwahi kulisikia. Akalitaja tena. Akalitaja mara ya tatu, kwa sauti ya juu, herufi kwa herufi. Akaeleza: jiko, Jumamosi, mlango, mkate.

Akasikiliza.

"Il gatto?" akasema. Yule paka.

Mimi nikawa natazama sakafu bila kuinamishwa na mtu. Alisikiliza kwa muda mrefu. Halafu akasema maneno machache kwa Kitaliano laini, sikuyashika yote kwa kuwa alinigeuzia mgongo. Kwaheri niliisikia. Akakata simu, akaiweka mezani taratibu.

"Mama," nikaanza, "mimi..."

Akainua mkono. "Hanikumbuke."

"Najua."

"Hata kidogo. Paka anaikumbuka. Jina ya paka anaikumbuka."

"Najua, Mama. Nisamehe. Nilishindwa kukuletea."

Akatazama mshumaa wa asubuhi, umebaki kipande. "Miaka makumi tatu," akasema, "kumbe mi niko naombea paka." Nikaona machozi yanamtoka, kisha nikaona mabega yanatikisika, na sikujua ni kilio au ni kicheko mpaka sauti ilipotoka. Kilikuwa kicheko. Nikacheka na mimi, kwa ahueni, tukashikana, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Alipoacha nami nikaacha.

"Mwishoni ulimwambia nini?" nikauliza.

"Nimemwambia nimemsamehe."

"Wewe umemsamehe yeye? Kwa lipi?"

"Kwa kunisahau." Akachukua pindo la gauni la Jumapili, akajifuta uso. "Ameshukuru sana. Ameniuliza jina yangu mara mbili, ameandika kwa karatasi. Anasema kuanzia leo ataniombea."

Akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, bila haraka. Khanga niliyomletea akaipokea, akaikunja, akaiweka kando.

"Yeye nimemsamehe," akasema. "Wewe bado."